Moshi wa Bluu na Shamba la Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu wa stoo. Shamba la shirika la umma lilikuwa na matrekta, matrekta yalikuwa na vipuri, na vipuri vilikuwa na mimi. Nilijua kwamba ringi za pistoni zinakaa rafu ya tatu, upande wa kushoto, chini ya mikanda ya feni. Ndani ya injini zinakaa wapi, hilo lilikuwa jambo la watu wenye mikono michafu. Mimi nilikuwa na kalamu mbili mfukoni.

Kisha ikaja ruksa. Redio ilitueleza kwamba serikali imechoka kulima, kusaga na kuuza sabuni, na kwamba kuanzia sasa kila mtu afanye anachokiweza. Sisi wa stoo tulisikiliza kwa makini sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza tunaweza nini. Shirika likafungwa, tukapewa kiinua mgongo na maneno ya kutuaga, na mali zikauzwa uani kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Mimi nikanyoosha mkono.

Nilichokinunua kilikuwa trekta dogo la silinda mbili, ambalo zamani lilikuwa jekundu. Wakati wa kazi nilikuwa nimelitolea vipuri mara nyingi kuliko trekta jingine lolote pale, kwa hiyo nilijihesabu kuwa rafiki yake wa karibu. Haikunijia akilini kwamba mgonjwa anayekuja kuchukua dawa kila wiki si mtu wa kumtegemea. Nililipenda tu, na ninasema hivyo bila aibu, maana nimekwisha kuona aibu nyingi zaidi ya hiyo.

Kiinua mgongo hakikutosha. Hapo ndipo inabidi nimlete mama mkwe wangu, ingawa kumleta mama mkwe mbele za watu ni jambo ambalo mila ya Issuna hailipendi. Nilikuwa mtu wa Ulemo, Mnyiramba, niliyeoa binti wa Kinyaturu, na baada ya kukosa kazi nikahamia Issuna, kijijini kwa mke wangu. Mwanamume anayehamia ukweni huwa hana maelezo ya kutosha. Nilisema nimefuata ardhi nzuri, na watu wa Issuna kwa adabu yao wakakubali kwamba ardhi yao ni nzuri.

Mila ya huko kuhusu mkwe ni kali. Mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaacha njia, hata kama pembeni ni miiba. Huli naye, huketi naye, huzungumzi naye. Ukiwa na neno unamtuma mkeo, na mama akiwa na jibu anamtuma binti yake, ambaye ni mkeo yuleyule. Akiwa shambani, wewe huingii shamba hilo mpaka aondoke. Katika miaka tisa ya ndoa nilimfahamu vizuri kwa mgongo na kwa kanga zake, lakini sokoni ningeweza kumpita bila kumjua kama angenigeukia.

Alikuwa mjane, na alikuwa na maksai wawili weusi waliofundishwa jembe na marehemu mume wake. Nikamtuma mke wangu akamweleze kwamba zama za kukimbizana na mikia ya ng'ombe zimepita. Trekta linalima kwa asubuhi moja kile ambacho maksai wanakilima kwa wiki. Wale maksai wakipelekwa mnadani, trekta litakuja nyumbani, na shamba lake litalimwa la kwanza, mvua ya kwanza, kabla ya letu. Mke wangu alikwenda, akalala huko, akarudi kesho yake.

"Mama amekubali," alisema. "Ana swali moja tu. Anauliza, trekta likiumwa, linachinjwa?"

Nilicheka sana siku ile. Nilimwona mama kama mtu ambaye soko huria limempita barabarani bila kusimama.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na haimsubiri mtu. Anayepanda mtama na mvua ya kwanza anavuna mtama. Anayepanda wiki tatu baadaye anavuna mabua ya kulisha ng'ombe, na mama sasa hakuwa na ng'ombe. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa juu ya trekta langu, na trekta lilikuwa juu yangu.

Sasa nieleze tabia moja ya watu wa stoo. Katika miaka ile ya uhaba, neno baya kuliko yote lilikuwa "pungufu." Pipa la oili likikutwa limepungua vidole vinne, hukuulizwa kama limevuja. Uliulizwa umemuuzia nani. Mwenzangu mmoja aliondoka na askari kwa vidole vinne hivyohivyo, na tulipomwona tena alikuwa amekonda. Basi mimi nikajifunza kujaza. Pipa nilijaza mpaka mdomoni, kopo nilijaza mpaka mdomoni, hata chai ya wageni niliijaza ikamwagikia kwenye sahani. Kitu kilichojaa hakina kesi.

Trekta lile lilikuwa na eya klina ya kizamani, yaani mtungi wa bati ulioning'inia kando ya injini, na chini yake bakuli lililoshikwa kwa kibanio. Bakuli hutiwa oili kidogo. Hewa inayokwenda kwenye injini inapita kwanza juu ya oili hiyo, na vumbi linanasa humo. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa nafungua bakuli, nakuta oili imepungua, naijaza mpaka mdomoni. Nilifurahi kuona imepungua. Niliona eya klina inachapa kazi.

Nikimaliza hapo nachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Hiyo haikupungua hata siku moja. Nilijipongeza kwa hilo pia. Fundi yeyote mwenye akili angeona mambo hayo mawili na kuanza kujiuliza maswali, lakini mimi nilikuwa bado nanyoosha kola.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni moja, nzito, na asubuhi yake udongo ulikuwa laini kama unavyotakiwa kuwa. Nililijaza trekta langu kila palipo na kifuniko. Mke wangu alipanda juu ya madigadi ili aone historia. Watu walikuja kusimama kando ya ua wa minyaa, wengine na jembe begani, maana walikuwa na mashamba yao lakini hawakutaka kukosa hili. Nikawasha.

Moshi uliotoka ulikuwa wa bluu. Haukuwa ule moshi wa aibu kidogo niliouona asubuhi za nyuma, nikiliwasha dakika chache bila jembe, nikausingizia baridi. Ulitoka mzito, ukalala juu ya shamba letu la kupandia alizeti, ukaingia jikoni kwa jirani, na mbuzi waliokuwa wamefungwa pale wakaanza kukohoa. Nilisogea mistari mitatu ya jembe hapo hapo nyumbani, kwa kujaribu, roho mkononi, kisha nikazima.

Ukutani pale stoo tulikuwa na bango kuhusu moshi wa eksozi. Moshi mweusi, injini imekosa hewa au dieseli imezidi. Moshi mweupe, dieseli haijaungua, au kuna maji. Moshi wa bluu, injini inaunguza oili. Nilikuwa nimelisoma bango hilo kila siku saa nne nikinywa chai, kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nilishuka kwenye kiti kwa utulivu wa daktari. "Bluu," niliwaambia watu. "Injini inaunguza oili. Ringi zimekwisha." Bango halikuwa limesema oili hiyo inaweza kutoka wapi kwingine, na mimi sikuwa mtu wa kuliuliza bango.

Soko lilikuwa huria, na ushauri ukawa huria vilevile. Mmoja aliyewahi kuwa utingo wa lori alisema nozo za kupulizia dieseli zimechoka. Mwingine alisema dieseli ya siku hizi inachanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu wauzaji ni wengi na Mungu wanamwogopa wachache. Mzee mmoja alisema trekta limezoea kulimia serikali na linaona haya kumlimia mtu mmoja. Katika wote, huyo wa mwisho ndiye niliyeona ana hoja.

Siku tatu mfululizo nilijaribu, na siku tatu mambo yalikuwa yaleyale. Asubuhi nalihudumia, nawasha, linafuka, nazima kwa kuogopa injini isije ikafa kabisa. Ng'ambo ya korongo linalotenga shamba lake na letu, nyuma ya minyaa yake, mama mkwe alikuwa ameketi anachambua kunde, mgongo umeelekea kwetu kama inavyopasa. Namna mtu aliyenipa mgongo alivyoona yote aliyoyaona sijaielewa mpaka leo.

Siku ya nne mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akasimama mbele yangu na kushika kiuno.

"Baba watoto, mama ametuma neno. Anasema hilo trekta linafuka ukishalilisha. Anasema unalizidishia. Ndama akinyonya kupita kiasi anaharisha, na dawa yake si kumwongeza maziwa."

"Mwambie mama asante sana," nilisema. "Lakini hili halina mkia."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Mwambie asante tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilibaki zima. Nilivyovunja vilikuwa vitu vya watu wengine.

Kesho yake ikaja habari ya msiba Ulemo, upande wa baba yangu, na nikaondoka alfajiri bila kugusa trekta. Nilikaa siku mbili. Mambo yaliyotokea nyuma yangu nimeyapata kwa mke wangu, na majirani walimuunga mkono kwa furaha ambayo haikuwa ya lazima. Alipanda kwenye kiti. Kwa siku tatu zile alikuwa ameniangalia nikiinyanyasa klachi, na aliona kwamba kazi hiyo haihitaji cheti. Hakufungua kifuniko chochote, hakuongeza chochote. Aliwasha, moshi ukatoka kidogo, ukakatika. Alilima robo eka ya alizeti yetu iliyo karibu na nyumba, asubuhi mbili, na angani hapakuwa na kitu zaidi ya kunguru. Kwa mama hakwenda, kwa sababu kufika huko kunataka kuvuka korongo, na korongo lilikuwa na maji, naye alisema hilo atamwachia mwenye trekta.

Mtu mwenye akili timamu angerudi kutoka msibani, akaona robo eka imelimwa, akamwambia mke wake asante, akavuka korongo. Mimi nilizunguka trekta mara mbili, nikafungua bakuli, nikakuta oili imeshuka kiasi cha kutisha.

"Umelima siku mbili bila kuliangalia oili?"

"Halikutoa moshi."

"Halikutoa moshi kwa sababu lilikuwa limekauka. Umeliua."

Nikajaza mpaka mdomoni. Asubuhi nikawasha, na moshi wa bluu ukarudi kama mtu aliyekuwa amesafiri. Nilimtazama mke wangu kwa masikitiko makubwa. Nilimweleza, mbele ya mtu aliyepita kuomba moto, kwamba huko ndiko kuua ringi, na kwamba sasa hatuna ujanja ila fundi. Mke wangu alichukua ndoo akaenda kisimani, na nikafikiri kuondoka kule ni majuto.

Fundi alitoka Mkiwa, pale njia panda, ambako malori yanaharibika kwa zamu. Alikuja na baiskeli na gunia la spana. Aliweka kiganja mbele ya eksozi, akanusa kiganja, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali.

"Ringi, bosi."

"Ndivyo nilivyosema," nikamjibu, na nikamwona kuwa ni fundi mzuri sana.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kwake kila kitu kilikuwa ringi. Angeletewa cherehani inayokata uzi, angesema ringi. Lakini siku ile tulikuwa wawili tuliokubaliana, na hakuna kinachotuliza moyo wa mtu kama kukubaliwa na fundi kabla hajafungua boliti ya kwanza. Tulitandika turubai chini ya mti wa mgunga, na injini ikaanza kushuka kipande kimoja kimoja.

Ilichukua siku tisa. Siku mbili za kufungua, tano za fundi kwenda Singida mjini kutafuta ringi za saizi ile na kukosa, na kupata, na kurudishwa kwa sababu si zenyewe, na mbili za kufunga. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilipanga boliti kwenye makopo, nikaandika kila kopo kwa chaki, nikazungushia kamba ili kuku wasipite. Ilikuwa stoo ndogo nzuri. Katika siku zote za trekta lile, hizo ndizo siku nilizofanya kazi niliyokuwa naijua.

Mvua ilinyesha siku ya pili, na ya tatu, na ya tano. Ilikuwa mvua nzuri ya kupandia, na majirani walipita na maksai wao wakinisalimu kwa upole uliokuwa unaniuma. Siku ya sita asubuhi nilisikia jembe la mkono likigonga ng'ambo ya korongo.

Nilisimama. Mama mkwe alikuwa shambani kwake, ameinama. Alianzia pembeni karibu na minyaa, na alikuwa akilima kwa mkono shamba ambalo maksai wawili walikuwa wanalilima kwa siku nne. Alikuwa amepita umri wa kulima hivyo. Analima hatua mbili, anashika mpini, anapumzika, analima tena. Alikuwa na kanga ya njano ambayo nilikuwa naijua.

Mtu mwingine yeyote kijijini angeweza kuvuka korongo na kumpokea jembe. Mimi peke yangu, mwenye deni la maksai wawili, mila ilikuwa imenikataza kukanyaga pale akiwemo. Nilitaka kusema kwamba ni mila tu iliyonizuia, lakini hata kama isingekuwepo sijui ningekwenda na uso gani. Nilirudi kwenye makopo yangu. Nilihesabu boliti za silinda hedi mara tatu, zote zilikuwepo.

Mke wangu alifunga mtoto mgongoni akaenda kumsaidia. Alikwenda kila siku, akarudi kila jioni na matope hadi magotini, akapika ugali na mlenda, akaniwekea kama kawaida. Ningefurahi kama angenitukana.

Siku ya tisa fundi alifunga boliti ya mwisho. Bakuli la eya klina alikuwa ameliosha kwa dieseli, akalirudisha tupu, akisema oili nitaweka mwenyewe. Tukawasha. Injini iliunguruma vizuri, na eksozi ikatoa hewa ambayo ungeweza kuianikia nguo nyeupe. Watu walipiga makofi. Fundi alinionyesha ringi za zamani, akaninong'oneza kwamba kusema kweli hazikuwa zimeliwa sana, lakini ndiyo hivyo tena, zimeshatoka. Alifunga kwenye baiskeli kuku wawili wa malipo yake akaondoka kuelekea barabarani huku anapiga mluzi.

Kulikuwa kumechelewa kuvuka korongo siku hiyo. Kesho yake niliamka kabla ya wote. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nilisema leo shamba la mama linalimwa lote, hata kama nitalala huko. Nililizunguka trekta na kopo langu, nikajaza huku, nikajaza kule, nikafika kwenye bakuli lililokuwa tupu kabisa, jambo la hatari kabisa, nikalijaza mpaka mdomoni. Nikawasha.

Sitauelezea moshi ule tena. Mbuzi wa jirani walijua wakimbilie wapi.

Nilizima nikakaa chini, mgongo kwenye tairi. Mke wangu alikuwa anatoka na jembe begani, anaelekea kwa mama yake. Alisimama, akautazama moshi unavyokwenda, kisha akanitazama mimi.

"Jana halikutoa moshi," alisema.

"Halikutoa."

"Leo asubuhi umelifanya nini?"

"Nimeliongeza oili tu."

Aliweka jembe chini. Alikuja, akapiga magoti, akafungua kibanio cha bakuli kwa mkono mmoja, na oili ikamwagika hadi kwenye kiwiko. Alilimimina bakuli kwenye kopo taratibu, anatazama ndani, anamimina tena. Kisha akanigeuzia. Ndani ya bakuli, katikati ya ukuta wake, kulikuwa na mstari uliochongwa kwenye bati, na kando yake mshale mdogo. Mstari ulikuwa chini sana, nusu ya kina cha bakuli. Tangu nilinunue trekta lile, nilikuwa sijawahi kuuona, kwa sababu kila siku niliuzamisha kwenye oili.

Lakini haikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mstari huo, na hapo ndipo nilipotamani kujificha. Mabakuli kama lile nilikuwa nimeyatoa stoo kwa miaka kumi na mmoja, mapya, matupu, na mstari na mshale wake. Nilidhani ni urembo wa kiwandani.

Oili iliyozidi ilikuwa inavutwa na hewa, inaingia kwenye injini, inaungua. Ikishashuka kwenye mstari, moshi unakatika wenyewe. Ndiyo maana kwa mke wangu halikufuka. Ndiyo maana oili ya injini haikupungua kamwe. Mgonjwa alikuwa mzima, na daktari alikuwa anamnywesha sumu kila asubuhi kwa upendo, kisha anaitisha mkutano kuhusu afya yake.

"Mama alisema," mke wangu alisema, bila kupandisha sauti.

"Alisema."

"Siku ya nne."

Nilimwomba msamaha pale pale, nikiwa chini. Nilimwomba kwa ajili ya moshi, na kwa ajili ya yale niliyosema mbele ya mtu wa kuomba moto. Aliniambia hayo tutayazungumza mama yake akishapanda. Alilifunga bakuli likiwa na oili mpaka kwenye mstari, si zaidi, akachukua jembe lake akatangulia.

Nilivuka korongo kwa gia ya kwanza. Mama mkwe alisikia trekta linakuja akatoka shambani, akasimama nyuma ya minyaa yake, amenipa mgongo. Jembe lake alikuwa ameliacha shambani, amelisimika pale alipoishia. Upande huu wa jembe kulikuwa na kipande alichokuwa amelima yeye na binti yake kwa mkono, siku nne, na mtama ulikuwa umeshafukiwa. Upande ule kulikuwa na shamba lote lililobaki. Nilishuka, nikalichomoa jembe lile kwa mikono miwili, nikaliegemeza kwenye minyaa, nikaanza kulima kutoka hapo. Moshi haukutoka. Nililima shamba lote mpaka saa nane mchana, na siku ile kila mtu aliyekuwa na mdomo Issuna alikuwa na shughuli nyingine. Hakuja hata mmoja kupiga makofi.

Mvua ilikatika mapema mwaka ule. Eneo lote nililolilima kwa trekta, lililopandwa kwa kuchelewa, lilitoa mabua marefu na masuke matupu. Alizeti yetu ilikuwa nzuri sana, lakini hakuna mtu anayesonga ugali wa alizeti. Kipande cha mama, kile cha jembe la mkono, kisichozidi uwanja wa netiboli, kilizaa. Alikikata, akakipura, akakigawa kwa kipimo cha debe, na nusu yake ikaja kwetu juu ya kichwa cha mke wangu.

Nilimwambia airudishe. Mke wangu alisema hakuna mtu Issuna anayerudisha chakula kwa mama yake, na kama nina neno niende nikaliseme mwenyewe, huku akijua vizuri kwamba siwezi. Tukala mtama ule. Sijawahi kula ugali mgumu kuumeza kama ule, na nilikuwa naongezwa.

Siku moja kiangazi nililipeleka trekta karibu na minyaa ya mama, kwa kisingizio kwamba kuna kivuli. Ng'ambo alikuwa anapepeta, nilisikia ungo. Nilifungua bakuli, nikatia oili, nikaikomesha kwenye mstari. Kisha, kwa kuwa mila inakataza kuzungumza na mama mkwe lakini haijasema lolote kuhusu trekta, nikaliambia trekta kwa sauti ya kutosha.

"Asante," nililiambia. "Uliniambia mapema nikakucheka. Wale maksai nitawarudisha. Unisamehe."

Ungo ukanyamaza. Nyuma ya minyaa kulikuwa na mbuzi wake mmoja aliyefungwa, alikuwa analia kama kawaida yao. Mama mkwe akamkemea.

"We mbuzi, nyamaza. Mwanangu anaongea."